Tuijenge upya ndege iliyokuja Kigoma mwaka 1916

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu, naishi Gungu hapa Kigoma. Majuzi nilikuwa bandarini na wajukuu wangu, nikawauliza kama wanajua kwamba meli yetu ya Liemba iliwahi kushambuliwa kwa mabomu kutoka angani. Walidhani nawasimulia hadithi ya kutungwa. Nikamuuliza na mwalimu wao, naye hakuwa na habari.

Ilikuwa tarehe 10 Juni 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Liemba wakati huo ilikuwa meli ya kivita ya Wajerumani, jina lake Graf von Götzen. Rubani Mbelgiji, Aimé Behaeghe, na mwenzake Collignon waliondoka upande wa Kongo kwa ndege ya majini aina ya Short 827, wakapita juu ya Ziwa Tanganyika zaidi ya kilomita 100, wakaja kuiangushia mabomu hapa hapa Kigoma. Wabelgiji walikuwa na ndege nne za aina hiyo walizopewa na Waingereza. Zilifika ziwani zikiwa vipande vipande masandukuni, zikaunganishwa ufukweni.

Nawaomba wasomaji waitazame ndege hiyo kwa jicho la fundi. Mifupa yake ni mbao, ngozi yake ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, injini yake ni Sunbeam ya nguvu za farasi 150 tu. Mwendo wake haukufika kilomita 100 kwa saa. Badala ya magurudumu ina maboya. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo injini hupungua nguvu na bawa hupungua kushika. Kuinyanyua ndege hiyo majini ikiwa na watu wawili, mafuta na mabomu ilikuwa kazi ya moyo mgumu, na ikizimika katikati ya ziwa hakuna wa kukuokota. Behaeghe hakuumaliza mwaka ule. Aliugua akafia huko huko Kongo. Vita ile haikuwa yetu, na walioumia zaidi ni wapagazi na wanavijiji wetu. Hilo silisahau. Lakini kijana aliyevuka ziwa lile juu ya mbao na kitambaa anastahili kukumbukwa pale alipofika.

Nayasema haya kwa sababu ndege za zamani nimezishika kwa mikono yangu. Mwishoni mwa miaka ya 60 nilikuwa fundi kijana Tabora, katika Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Tulikuwa na Dakota, ndege ya aina iliyobeba askari na mizigo katika Vita ya Pili. Kila alfajiri kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuizungusha propela kwa mikono, injini ikiwa imezimwa, nikihesabu kila panga linalopita. Injini ile ina silinda 14 zilizojipanga kwa duara. Usiku oili huchuruzika ikajikusanya kwenye zile za chini. Ukiwasha bila kuitoa, pistoni inakutana na oili isiyobanika, mkono wa pistoni unapinda. Asubuhi moja nilipofika panga la nne nikahisi uzito kiganjani, nikaacha palepale. Tukafungua plagi za chini, oili nyeusi ikamwagika kwenye kopo kama uji. Abiria walinung'unika juani. Rubani alikuja, akatazama kopo, akawaambia, “Fundi akisema bado, ni bado.” Mpaka leo nikifumba macho nausikia uzito ule mkononi.

Ujuzi huo haumo kitabuni peke yake. Uingereza, pale kwenye uwanja wa ndege wa Old Warden, kuna ndege za kabla ya 1914 zinazoruka hadi leo, jioni upepo ukitulia. Lancaster, ndege kubwa za mabomu za Vita ya Pili, ni mbili tu zinazoruka duniani, moja Uingereza na nyingine Kanada. Zinaruka kwa sababu wazee waliwashika vijana mkono mapema. Si mchezo: Mei 2024 rubani wa kikosi cha kumbukumbu cha jeshi la anga la Uingereza alifariki ndege yake ya Spitfire, ya kivita ya zamani, ilipoanguka. Namheshimu, na sioni kuwa kifo chake ni sababu ya kuzifungia ndege hizo ndani.

Kwetu nimeona kinyume. Miaka iliyopita kulikuwa na injini moja ya zamani imewekwa kwenye uwanja wa ofisi fulani. Niliomba mara mbili niisafishe bure, niipake grisi, niifunike. Mara ya tatu nilipokwenda nilikuta imekatwa, vipande viko juu ya mizani ya chuma chakavu. Niliumia sana. Wajerumani walipoizamisha Götzen kwa hiari yao, Julai 1916, mafundi waliipaka grisi injini yake kwanza. Iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Hiyo ndiyo heshima ya fundi kwa mashine.

Ombi langu ni hili: mkoa, chuo cha ufundi na wenye mapenzi mema tujenge mfano kamili wa Short 827, ukubwa ule ule, uwekwe kando ya ziwa. Siombi iruke. Naomba vijana waijenge wenyewe, wajifunze ubavu wa bawa, kitambaa, waya na injini, sisi wazee tukiwa bado tunaona.

Wiki iliyopita niliipeleka picha kwa fundi wa mitumbwi Kibirizi. Aliyatazama maboya muda mrefu, akapima kwa shubiri. “Mzee wangu, hii si mitumbwi miwili tu iliyofunikwa juu?” Nikamwambia ndiyo. Akasema mninga utakuwa mzito, tutafute mti mwepesi, mataruma, yaani mbavu za ndani, ayapange karibu karibu, na kalafati ya kuziba nyufa ataifanya yeye. Ameshanitajia idadi ya mbao. Nimeiandika.

Fundi mstaafu wa ndege,
Gungu, Kigoma