Vikombe vya plastiki au vya shaba

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Umeuliza kama ununue seti ya plastiki ya vikombe na vipira, ule mchezo wa kiinimacho wa kuficha vipira chini ya vikombe vitatu vilivyopinduliwa, au uvumilie hadi upate ya shaba nyekundu, ambayo bei yake yaweza kuzidi ile ya plastiki mara ishirini. Kabla ya kuangalia kikombe kimetengenezwa kwa nini, angalia pengo.

Mchezo huu mwanafalsafa Seneca aliutaja tangu enzi za Warumi, na siri yake ni ileile: watazamaji wanahesabu vipira vitatu, wewe unavyo vinne. Kikombe kikifunika kingine, kati ya vitako vyao lazima pabaki nafasi ya kipira kimoja kujificha. Kwa hiyo nenda dukani na rula. Funika vikombe vitatu kimoja juu ya kingine, pima urefu wa mnara. Kisha weka kipira juu ya kitako cha kile cha chini, funika tena, pima tena. Urefu ukiongezeka hata milimita 2, ujue kikombe cha juu kimekalia kipira badala ya kukalia pindo la mwenzake, yaani ule ukingo wa nje unaouzuia mdomo wake usishuke zaidi. Kitayumba, na mtu aliyeketi karibu ataona.

Vya plastiki vingi hushindwa hapo hapo. Havina pindo la kuzuia, basi kuta zinabanana, hewa inanaswa ndani, na ukivuta kimoja kinakuja na cha pili. Vingine ni vyembamba kiasi kwamba mwanga ukitoka nyuma, kivuli cha kipira kinaonekana. Halafu vile vipira vigumu vinavyouzwa navyo! Vinateleza vidoleni, vinabingirika, na vikigonga ukuta wa kikombe vinalia "ta!" wakati ambao hapatakiwi sauti yoyote.

Haya yote yanarekebishika. Zungushia uzi mnene wenye gundi nje ya kikombe, mahali ambapo mdomo wa mwenzake unapaswa kuishia. Hilo ndilo pindo lako. Paka rangi nyeusi ndani, na gundisha kiduara cha kitambaa kwenye kitako kwa ndani ili kimeze sauti. Alama za kiwandani ziondoe kwa msasa laini.

Shaba inakupa nini zaidi? Kwanza uzito: kwa ujazo uleule ni zaidi ya mara tatu ya alumini, kwa hiyo kikombe kinatulia mezani hata mkono ukikigusa vibaya. Pili, kitako kilichobonyea kidogo kwa juu, kipira kinakaa katikati bila kutoroka. Tatu, na hili kwangu ndilo la thamani kuliko yote, tumbo. Mwisho wa mchezo unainua vikombe na chini yake kuna limau au mpira mkubwa. Kwa mpira wa tenisi, ambao kipenyo chake ni kama sentimita 6.7, unahitaji mdomo unaopita sentimita 7. Seti nyingi ndogo za plastiki hazifiki. Kitu kinakwama, unalazimika kutikisa kikombe, na mshangao umekwisha.

Alumini ni njia ya kati nzuri, ila ile isiyopakwa kitu huacha weusi mikononi na kwenye kitambaa cha meza. Ikibonyea, isukume kwa ndani na kijiti cha mbao chenye kichwa cha mviringo.

Ila pesa ya kwanza itumie kwenye vipira, hata kabla ya vikombe. Tafuta vya kufumwa kwa uzi wa pamba juu ya kiini cha kizibo, kipenyo sentimita 2.5 hivi, na hakikisha vinaingia kwenye pengo. Vinashika kiganja, havilii, vikidondoka vinasimama. Nunua au fuma vinne vinavyofanana kabisa, na cha tano cha akiba. Chini tandika kitambaa kizito juu ya blanketi lililokunjwa.

Kuna jambo moja ambalo shaba haikununulii: kupindua kikombe chenye kipira cha siri. Unavitoa vikombe kwenye mnara vikiwa vimeangalia juu, kila kimoja unakigeuza na kukisimamisha mezani kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukisita katikati, kipira kinachungulia ukingoni. Ukikirusha kikombe kwa nguvu, kipira kinagonga. Vikombe vyote vitatu viende kwa mwendo uleule, kwa sababu kile kinachopinduliwa tofauti ndicho macho yatakachokifuata. Anza kwanza bila kipira, hadi mkono usahau, ndipo uweke kipira.

Ukishapima mnara, niandikie vipimo vyote viwili vya urefu na kipenyo cha mdomo, nikuambie kipira cha ukubwa gani kitakufaa.

Wako daima,
Hamisi