Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Kigoma

Ndugu wanachama,

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, nchini Kenya, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaenda kuichukua. Tangu hapo hapa mjini hatuulizwi tena kwa nini watu wazima tunakesha tukitazama juu kufuatilia taka za angani, yaani mabaki ya roketi na setilaiti.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kwenye mwalo wa wavuvi wa Kibirizi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani siku za giza, na kwa kuona taka za angani wametupita sisi wenye darubini. Tatizo lilikuwa maelezo. "Kimepita baada ya saa mbili, kikaelekea Kongo" hakisaidii kitu: chuma kilicho karibu na dunia hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, hivyo ukikosea dakika moja umekosea kilomita 400 na ushei. Sasa wanalinganisha saa ya simu na mtandao kabla ya kutoka mwaloni, kisha wanaandika nyota mbili ambazo kitu kimepita katikati yake, na sekunde yenyewe. Mzee mmoja wa mtumbwi anatupita wote, wakiwemo walimu wa fizikia.

Wenye rada wanafuatilia makumi ya maelfu ya vipande. Hata hivyo, jua likichachamaa kwa dhoruba zake, hewa ya juu hutanuka, huvipunguza mwendo, na makadirio ya siku ya kuanguka huvurugika. Wala rada haimwambii mkulima wa Uvinza la kufanya chuma kikiangukia shambani kwake.

Hapo ndipo wanunuzi wa skrepa wanaponitia wasiwasi. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibana nchi iliyorusha chombo kulipa fidia ya madhara ya ardhini, bila kubishana kosa ni la nani. Setilaiti ya Kisovieti yenye nyuklia ilipoangukia Kanada mwaka 1978, Moscow ililipa dola milioni 3 za Kanada. Chuma kikishakatwa na kuuzwa kwa kilo, utadai kwa ushahidi gani? Tena matangi huweza kubaki na haidrazini, mafuta yenye sumu kali. Usiguse, piga picha ukiwa mbali, zuia watoto, mwite mtendaji wa kijiji na polisi.

Barua yetu ya kuomba mabango ya maelekezo hayo haijajibiwa na ofisi husika. Kamati inapendekeza tuyachore wenyewe, kwa Kiswahili na Kiha, tuanze na Kibirizi. Mweka hazina atasoma gharama, kisha tupige kura.