Shikamoo ya Yule Bibi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Barua yako ilinikuta barazani nachambua karanga. Nikaisoma, nikairudia, karanga zikabaki ungoni. Hapa Tabora hatujambo, baba yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha.

Umeniandikia habari za yule bibi anayefika zahanati alfajiri, kisha watu wanamsogeza akakae nje peke yake. Macho mekundu, basi ameshakuwa mchawi. Umesema siku ya kwanza hata wewe ulivaa glovu mbili ili tu umpe panadol. Ahsante kwa kutonificha. Na mimi sitakuficha.

Nilipokuwa binti tulikuwa na jirani wa namna hiyo hiyo. Kutwa yuko kibandani kwake anapuliza moto, kuni mbichi, moshi hauna pa kutokea. Macho yatakosaje kuwa mekundu? Mama alikuwa ananituma nimpelekee uji. Nilikuwa nautua mlangoni na kukimbia. Siku moja niliumwaga vichakani, nikarudisha bakuli tupu, nikasema bibi amekunywa na ameshukuru. Masika yale akafariki. Sikuwahi kumwamkia hata mara moja. Shikamoo yake ninayo mpaka leo.

Uliniuliza moyo wa kuwahudumia watu niliutoa wapi. Ulianza na habari za Adrian Atiman, tulizosimuliwa na katekista tukijiandaa kwa kipaimara. Mtoto wa pande za mto Niger, huko ambako leo ni Mali. Alitekwa akiwa mdogo, akavushwa jangwa, akauzwa. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walimkomboa Algeria, wakamsomesha, halafu akaenda Malta kusomea utabibu. Angeweza kutafuta maisha yake huko huko, nani angemlaumu? Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista.

Hebu fikiria, mama. Misafara ya watumwa ilitoka ziwani, ikapita hapa kwetu, ikashuka pwani. Huyu aliyewahi kuuzwa akatoka pwani kwenda ziwani, na huko Karema akawatibu waliokombolewa utumwani kama yeye. Alikaa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Ninachokipenda kwake ni hicho cha kukaa. Wa kuja kutuonea huruma siku mbili na kupiga picha hawajawahi kukosekana.

Halafu nikawaona masista wa Mama Teresa, waliofungua nyumba yao hapa Tabora mwaka 1968. Siku ya kwanza nilipokwenda kusaidia kufua, nilimkuta sista amepiga magoti kwenye sakafu, mguu wa mzee mmoja ameupakata, anamkata kucha. Kucha zilikuwa zimekomaa, anazilowesha kwanza kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Huku anamuuliza kwao ni wapi, na ng'ombe wa baba yake walikuwa wangapi. Mzee anataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Mimi nilisimama pale na ndoo yangu ya nguo, bakuli la uji likanirudia.

Sasa wewe ndiye msomi. Je, umemkagua vizuri yule bibi, usije ukawa ni ugonjwa wa vikope? Mkunjue kope uangalie. Kama nywele za kope zimegeukia ndani zinamkwaruza jicho, si kuna upasuaji mdogo? Mwandikie rufaa, na ikibidi umsindikize mwenyewe. Ila kabla ya hayo mwingize ndani. Mshike mkono, mbele ya wale wote waliopanga foleni, umwamkie kwa sauti. Watu huko kijijini wanamtazama nesi. Unajua wazee wa namna hii wameuawa kwa mapanga katika mikoa yetu hii, na kabla ya panga kuna siku nyingi za kutosalimiwa.

Glovu vaa pale kazi inapozihitaji. Kumwamkia hakuhitaji.

Nimempa dereva wa basi la Sikonge vifurushi viwili vya karanga. Kimoja chako. Cha pili mpelekee bibi kwake, usisubiri aje zahanati. Ukae naye kidogo, umuulize jina lake, na umpe shikamoo mbili, yako na yangu.

Mama yako