Askari wa Dar es Salaam aliyefia Sachsenhausen

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie mzaliwa mmoja wa Dar es Salaam ambaye Berlin imemwekea jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi, ilhali kwetu ni nadra kusikia akitajwa, hata zinapofundishwa habari za Vita Kuu ya Kwanza.

Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala nchi hii wakati huo, na vita vilipozuka mwaka 1914 mwana naye aliingia jeshini akiwa na umri wa miaka kumi tu. Siku hizi tungesema bila kusita kwamba huyo ni mtoto aliyetumikishwa vitani, na sioni kwa nini tuseme vinginevyo eti kwa kuwa ni mambo ya zamani. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano makali ya Mahiwa, huko Lindi, akatekwa na Waingereza.

Vita vilipokwisha alipata kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin, ambako alidai malimbikizo ya mshahara wake na ya marehemu baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Hata hivyo alibaki: akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaoa Mjerumani mwaka 1933, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu. Alipoomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele alinyimwa, na alipojitolea tena kwenda jeshini mwaka 1939 alikataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, si mkewe, jambo ambalo Wanazi hawakumvumilia mtu mweusi, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo Novemba 24, 1944.

Najua wapo watakaouliza kwa nini tumkumbuke mtu aliyeitumikia dola iliyoangamiza watu wetu wakati wa Maji Maji, tena akaigiza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Swali hilo ni halali, na mimi siombi aitwe shujaa. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka kumi hachagui bendera ya kupigania, na kwamba deni alilokwenda kudai lilikuwa la kazi iliyokwisha kufanywa.

Sanamu ya Askari pale Posta ilisimamishwa mwaka 1927 na Waingereza kwa ajili ya Waafrika waliokuwa upande wao, wakiwamo wapagazi. Wa upande wa pili, ambao wengi wao walikuwa wenyeji wa nchi hii hii, hawakuhesabiwa. Kwa hiyo naomba Makumbusho ya Taifa na walimu wa historia wawasimulie vijana habari za Mahjub kikamilifu, filamu ile ikiwamo, na jibu alilopewa alipodai mshahara wake lisiachwe nje.

Wako,
Msomaji, Dar es Salaam