Mgonjwa wa MS mpangieni fizio asubuhi, sio saa nane mchana

Mhariri habari za kazi. Mimi nakaa Ujiji hapa Kigoma, mama watoto wangu ana multipo sklerosisi, wengi wanaita MS tu, yaani kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia ule utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, amri inatoka kichwani ila mguuni inafika imechelewa au haifiki kabisa. Tulikuja kujua baada ya kupiga MRI Dar, ile picha ya ndani ya mwili, kabla ya hapo tushaambiwa mengi, hadi dereva wa bajaji akimwona anayumba ananiuliza shemeji leo kapata kidogo?

Sasa kilichonifanya niandike. Hospitali moja hapa wametupangia mazoezi ya viungo, ndo hiyo fizio, kila Jumanne saa nane mchana. Saa nane, mwezi wa tisa, Kigoma hii! Nyumbani anatoka na fimbo yake vizuri tu, tukifika mguu wa kulia unaburuza, macho yana ukungu, na mtaalamu wa fizio anaandika mgonjwa anarudi nyuma. Harudi nyuma jamani, ni joto. Wala sio jambo geni, daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika tangu 1890 kwamba macho ya wagonjwa wa MS yanafifia kwa muda wakijichosha, baadae ikajulikana ni joto, hadi kuna madaktari walikuwa wanamtumbukiza mtu kwenye maji ya moto ili wajue kama ana MS (huyu wangu bora hakuyakuta hayo). Joto la mwili likipanda hata nusu digrii mwendo unaharibika, akipoa anarudi alivyokuwa.

Sisemi mazoezi yaachwe. Zamani waliambiwa wapumzike tu, siku hizi imeonekana mazoezi hayauzidishi ugonjwa, ni kulala kutwa ndo misuli inakakamaa. Sisi tunafanya barazani saa kumi na mbili asubuhi, anakaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, anavuta unyayo kwa khanga ili shavu la mguu linyooke, akichoka tunapumzika ndo anaendelea, kitenge kibichi mabegani. Sasa hivi usiku anaenda chooni bila kuniamsha.

Ila haya nimeyaokoteza kwa kuchungulia mlangoni, hakuna aliyenikalisha akanifundisha. Naomba hawa wagonjwa wapewe namba za kwanza asubuhi, na ndugu aliyewaleta aitwe ndani aonyeshwe, sio aachwe kwenye benchi. Jumanne ijayo tumepangiwa saa nane tena.

Msomaji wako, Ujiji