Kabla ya kibali, umeme wa sola uishie ndani ya geti

Mhariri,

Kuanzia Goba hadi Kigamboni swali ni lilelile. Paneli ziko juu ya bati, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, iko ukutani, betri ya lithiamu imeshalipiwa, maombi ya kuunganishwa na gridi yako TANESCO, shirika la umeme, na jibu halijatoka. Niwashe au nisubiri? Mtaani kuna majibu mawili, na yote mabovu. Moja linasema: "Washa tu, nani atajua?" Jingine linasema: "Usiguse kitu mpaka waje." La kwanza linaweza kuua mtu. La pili linaua betri, maana inveta ya kilowati 5 ikiachwa imewashwa bila kazi hujilia yenyewe wati 50 hivi. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 1.2, na betri ya uniti 5 isiyochajiwa haimalizi siku ya tano.

Jibu letu mafundi ni hili: washa, lakini waya wa TANESCO unaoingia kwenye inveta uchomolewe kabisa, ncha zake zifunikwe, na nyumba ihamishwe kutoka TANESCO kwenda sola kwa swichi ya chenjova. Kibali unachosubiri ni cha kuunganisha mtambo wako sambamba na gridi na kurudisha umeme kwenye laini. Kanuni za kupima umeme wa pande mbili zipo tangu 2018. Mpaka kitoke, umeme wako uzunguke nyumbani kwako. Kazi ya nyaya yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwanza ujue umeuziwa nini. Pale Kariakoo neno "hibridi" hubandikwa kila boksi, lakini ndani kuna wanyama watatu. Kuna inveta inayopokea TANESCO ili kuchaji betri au kupitisha umeme moja kwa moja, na haiwezi kurudisha hata wati moja nje. Kuna hibridi ya kweli, yenye tundu la gridi na tundu la mzigo, inayofanya kazi bega kwa bega na TANESCO na inaweza kusukuma umeme barabarani. Na kuna inveta ya gridi tupu isiyo na betri: TANESCO ikikatika nayo inazima, hata jua likiwa la utosi. Hii ya tatu haina namna ya kutumika kabla ya kibali. Iache imezimwa.

Anayeumia zaidi kimyakimya ni mwenye hibridi ya kweli. Nyingi zinatoka kiwandani zikiwa tayari kurudisha umeme, na mita nyingi za LUKU, zile za kulipia kabla, hazijui kurudi nyuma. Umeme ukipita kwenda nje, mita inauhesabu kama umeutumia wewe; nyingine zinaona kuna mchezo na kukata kabisa. Tufanye hesabu. Saa sita mchana nyumba inatumia wati 600, betri imejaa, na paneli zinasukuma kilowati 3 nje kwa saa nne. Hizo ni uniti 12. Kwa bei ya Sh 356 kwa uniti umelipa Sh 4,272 kwa siku ili uwape jirani umeme wako. Kama uko kwenye bei nafuu ya wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ndani ya wiki moja umeshazivuka, na bei nafuu nayo inakwenda. Halafu lawama inapewa mita.

Kupima si kazi. Subiri betri ijae na jua liwe kali, kisha tazama kitaa chekundu cha mita kinavyomweka. Kando yake huandikwa mapigo kwa uniti, mara nyingi 1000. Ukihesabu mapigo 50 kwa dakika moja, kilowati 3 zinapita. Sasa zima swichi ya paneli. Kama kitaa kinapoa ghafla badala ya kuharakisha, ule umeme ulikuwa unatoka, hauingii.

Mafundi wengine watakwambia dawa ni kuweka "kurudisha sifuri" kwenye mipangilio, yaani inveta isitoe umeme nje, na kufunga CT, kile kibano kinachozunguka waya wa laivu (ule unaoleta umeme) baada ya mita na kuipimia inveta umeme unaopita. Ni kifaa kizuri siku ya kibali. Kabla ya hapo hatukishauri, kwa sababu tatu. Kibano kina mshale; kikifungwa kinyume, inveta inaona umeme unaotoka kama unaoingia, hivyo inazidi kusukuma. Pia kina kuchelewa: ukizima pasi ya wati 1,200, kwa muda mfupi umeme ule unamwagikia nje kabla inveta haijapunguza. Na mipangilio hulindwa na neno la siri la fundi, ambalo kwa mashine nyingi linajulikana na kila mtu aliyewahi kushika bisibisi. Waya uliochomolewa hauna neno la siri.

Sasa tuje kwa fundi wa nguzo, ambaye ndiye sababu ya barua hii.

Inveta nzuri ya gridi ikikosa TANESCO hujitoa yenyewe ndani ya sekunde mbili. Hatari kubwa inatoka kwenye uunganishaji wa kienyeji. Mmoja anachukua umeme wa inveta na kuuingiza kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Mwingine anafunga breka mbili pembeni ya mein swichi, moja ya TANESCO na moja ya sola, na kuandika kwa kalamu "usiwashe zote". Siku umeme umekatika na mtoto kapandisha zote mbili, volti 230 zinapita kwenye mita, zinapanda nguzo na kuingia kwenye transfoma. Transfoma haina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ukiilisha 230 upande wa chini, upande wa juu zinatoka volti 11,000.

Wapo wanaobisha kwamba inveta ya kilowati 5 haiwezi kubeba mtaa mzima, itazidiwa na kuzima. Ni kweli pale nyumba zote za jirani zikiwa zimeunganishwa. Lakini fundi anapotengeneza laini huitenga kwanza: fyuzi zimetolewa, waya umekatika, na pengine nyumba iliyobaki kwenye kipande kile ni yako peke yake. Hapo hakuna mzigo wa kuizidi inveta. Volti zinasimama, zinamsubiri mwenye mikono. Na ikiwa hakuna aliyepanda, TANESCO ikirudi inakutana na umeme wako usiokwenda nao mapigo sawa, na inveta inapasuka saa hiyohiyo.

Ndiyo maana chenjova. Kwa nyumba ya fesi moja nunua ya ampea 63, ya nguzo mbili, yaani inayokata laivu na nyutro (waya unaorudisha umeme) kwa pamoja, yenye alama I, 0 na II. Ile 0 ya katikati ina maana: mkono lazima uachie upande mmoja kabla haujashika mwingine. Nyumba ya fesi tatu inataka ya nguzo nne. TANESCO kutoka mein swichi iingie I, inveta iingie II, na mdomo wa pamoja uende kwenye bodi ya breka za nyumba. Hasara yake ni kwamba betri ikiisha saa nane usiku mtu ainuke akageuze mkono. Ni usumbufu, hatubishi.

Kama hutaki kuamka, gawa bodi. Taa, friji, feni, televisheni na modemu viwe vya sola; hita ya maji, pasi na jiko vibaki TANESCO daima. Lakini hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu mafundi hugawa laivu na kusahau nyutro. Nyutro ya kundi la sola ikibaki kwenye baa ya TANESCO, kile kipande cha chuma kinachokusanya nyutro ndani ya bodi, mkondo hauna njia sahihi ya kurudi: breka ya kuvuja umeme, ile inayokata umeme ukivuja, itaruka kila mara, au waya utabaki na umeme wakati unaamini umeuzima. Zima pande zote mbili, toa nyutro za kundi la sola kwenye baa, kisha pima kwa mita ya mkononi kati yake na baa ya TANESCO. Isisome muunganiko wowote. Ikipiga mlio, kuna soketi mahali imeazima nyutro ya jirani yake, na utaitafuta mpaka uipate.

Kuna jambo la asi, yaani waya wa ardhini, ambalo karibu kila mtu analiruka. Inveta ikiwa peke yake bila TANESCO, mara nyingi nyutro yake inaelea, haijaunganishwa na ardhi. Pima laivu na asi, halafu nyutro na asi. Ukipata volti 110 au 120 kote kuwili, inaelea, na maana yake breka ya kuvuja umeme haitakata umeme kumwokoa mtu aliyeshika bomba huku friji imevuja. Usidanganywe na kitufe cha kujaribia cha breka hiyo. Kitufe hupitisha mkondo kidogo kati ya laivu na nyutro ndani ya breka yenyewe, kwa hiyo kitaruka vizuri hata kama asi haipo kabisa. Dawa ni kuunganisha nyutro na asi upande wa inveta, kabla ya chenjova na kabla ya breka ya kuvuja. Baadhi ya inveta zina swichi ya ndani ya kazi hiyo, uiwashe tu kwenye mipangilio. Andika mahali kwamba umefanya hivyo, kwa sababu waya wa TANESCO ukirudishwa muunganiko wa kudumu unageuka kosa.

Kwa ukubwa, hesabu ni rahisi kuliko wauzaji wanavyoifanya. Anayenunua LUKU ya Sh 45,000 kwa mwezi anapata uniti 126 hivi, sawa na 4.2 kwa siku. Hesabu saa nne za jua zuri na upotevu wa robo, unahitaji kilowati 1.4. Paneli tatu za wati 550 zinatosha kiangazi. Kwa kuwa huna TANESCO ya kukusaidia kwenye inveta, weka nne, maana Aprili na Mei masika hayana huruma. Nne kwa mfululizo, kila moja volti 49.5 ikiwa haina mzigo, ni 198. Hakikisha hazipiti kikomo cha inveta na hazipungui kianzio chake, yaani volti za chini inazohitaji ili ianze kazi. Bati la Dar mchana linaipasha paneli hadi nyuzi 60 na zaidi, na sehemu ya kumi ya nguvu inapotea hapo. Acha nafasi ya sentimita 10 upepo upite chini yake. Betri ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.12. Tumia asilimia 80, kikomo cha chini kiwe 20.

Breka za paneli na betri ziwe za DC, umeme wa upande mmoja utokao kwenye paneli na betri, si za AC, ule wa nyumbani. Breka ya AC ikifunguliwa kwenye volti 198 za DC inaweza kutoa cheche isiyozimika, na pengine ndiyo chanzo cha moto ambao lawama hupewa "betri za Kichina". Kati ya betri na inveta ya kilowati 5 zinapita ampea 100. Waya usipungue milimita za mraba 25, uwe mfupi, na fyuzi ya ampea 125 ikae karibu na betri. Kuwasha anza betri, kisha paneli, kisha mzigo. Kuzima rudi kinyume. Viunganishi vya paneli visivutwe jua likiwa linawaka na mzigo umeshika.

Mgao wa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ndio uliowapeleka wengi dukani. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulianza Februari 2024, na bwawa zima limejengwa kwa megawati 2,115, lakini megawati hazisimamishi nguzo iliyoanguka Kimara. Sola za majumbani zitazidi. Kwa hiyo tunaziomba TANESCO na EWURA zitoe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema mwombaji anaruhusiwa kufanya nini wakati anasubiri, na fundi wa ukaguzi atatazama nini kwanza. Tungependa aanze na chenjova. Kwenye boksi la mita kibandikwe kibao: "Hapa kuna sola na betri", pamoja na mahali swichi ya kuzimia ilipo, ili fundi wa laini asikisie.

Siku kibali kikitoka, usirudishe waya kabla mita haijabadilishwa. Baada ya hapo funga waya wa gridi, ondoa ule muunganiko wa nyutro na asi, weka mipangilio ya volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde, kagua mshale wa kibano. Kisha zima mein swichi wakati jua linawaka na upime volti kwenye tundu la gridi la inveta. Ndani ya sekunde mbili isome sifuri. Isiposoma sifuri, chomoa tena, funika ncha, na aliyefunga arudi.

Mafundi wa sola,
Tabata, Dar es Salaam