Mhakiki wa riwaya za kisayansi aulize nani aliyepanda chakula

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mambo mawili ambayo magazeti huyaweka mbalimbali, yaani bustani ya nyumbani katika majira ya kuchipua na riwaya mpya za kisayansi na za fantasia. Makala za bustani huwekwa kwenye kurasa za familia. Riwaya hizo, zikibahatika kuhakikiwa, hupelekwa kwenye burudani ya vijana, na mhakiki huridhika akishatuambia kwamba vita vya angani vinasisimua na kwamba mhusika mkuu ni jasiri. Kwa maoni yangu, mtu anayeinamia kitalu mwezi Machi, au mwezi Septemba kwa walio kusini mwa dunia, ana ujuzi ambao ukurasa wa vitabu unauhitaji sana, na ningefurahi kuona gazeti lako likiutumia.

Mwandishi wa dunia ya kubuni ana ruhusa kubwa. Akitaka chombo kipite kasi ya mwanga tunamkubalia, na akitaka milima izungumze na wachungaji tunamkubalia pia, kwa kuwa hayo ndiyo mapatano kati yake na msomaji. Hata hivyo, watu wake wana matumbo. Iwapo mji wa watu milioni moja umejengwa chini ya kuba katika sayari isiyo na mvua, lazima pawepo mahali mbegu zinaposiwa, mtu anayemwagilia miche, na mabaki ya mavuno yanayorudishwa ardhini yakiwa mboji. Mwandishi asipoliwaza hilo, pengo lake litaonekana hata katika siasa za mji huo, kwa sababu anayeshika mbegu na maji ndiye anayetawala, na riwaya inayosimulia utawala bila kufika ghalani imeacha sehemu kubwa ya habari yake.

Tuangalie udongo peke yake. Mwaka 2022, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani walitangaza kwamba wameotesha mimea katika vumbi la Mwezini lililoletwa duniani na safari za Apollo 11, 12 na 17. Mbegu ziliota, na kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa habari nzuri kabisa za miaka hii. Lakini miche ilikua polepole, mingine ikadumaa na kuonyesha dalili za kutaabika. Mtunza bustani hashangazwi na matokeo hayo. Anajua kwamba mawe yaliyosagika hayawi udongo wenye rutuba mpaka yachanganyike na mboji na kukaliwa na kuvu, bakteria na nyungunyungu, na kwamba kazi hiyo huchukua misimu mingi. Sayari ya Mars ni ngumu zaidi. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua kwamba udongo wake una chumvi za pakloreti, ambazo zina madhara kwa mwili wa binadamu, na mwanga wa jua unaofika huko haufikii nusu ya ule unaotuangazia sisi. Kwa hiyo ninapokutana na riwaya ambamo wahamiaji wa Mars wanavuna majuma machache tu baada ya kutua, bila kuosha chumvi na bila kuandaa mboji, nasikitika kweli, maana mwandishi ameruka sura ambayo ingeweza kuwa nzuri kuliko zote, yaani namna watu waliochoka wanavyoigeuza ardhi iliyokufa iwe hai.

Au tuchukue maua. Ua la mnyanya lina sehemu zote mbili za uzazi na linaweza kujichavusha lenyewe, lakini huhitaji kutikiswa na upepo au na mngurumo wa nyuki fulani ili chavua ianguke. Mtu aliyeotesha minyanya ndani ya nyumba huzoea kuyagonga maua yake taratibu kwa kidole. Sasa, katika chombo cha angani kisicho na nyuki wala upepo, nani anafanya kazi hiyo kila asubuhi, na je, ni kazi ya heshima au ni adhabu? Mwandishi akijibu swali dogo kama hilo, msomaji anapata papo hapo mhusika, desturi na tabaka la kijamii. Vivyo hivyo kuhusu urefu wa mchana: letusi na mchicha wa Ulaya hutoa maua na kuacha kunenepesha majani siku zinaporefuka, na mitufaha mingi haichanui vizuri isipopitia majuma ya baridi. Dunia yenye jua mbili au yenye kipupwe cha miaka kumi ingekuwa na bustani za namna ya pekee kabisa, na mimi kama msomaji natamani kuingia humo.

Si kwamba naomba jambo lisilowahi kufanyika. Karel Čapek, Mcheki ambaye tamthilia yake ya mwaka 1920 ndiyo iliyoleta roboti katika fasihi ya dunia, alikuwa mtunza bustani wa kweli, na mwaka 1929 alichapisha kitabu kizima kuhusu mwaka wa bustani, mwezi baada ya mwezi. Mmarekani Octavia Butler, katika riwaya yake ya mwaka 1993 iliyochukua jina kutoka katika mfano wa mpanzi wa Injili, alimpa msichana wake mfuko wa dharura wenye mbegu ndani, akamfanya asome vitabu vya mimea huku jamii inayomzunguka ikisambaratika. Mbegu zile si pambo. Msomaji anaamini kwamba msichana huyu ataweza kuanzisha jamii mpya kwa sababu amekwisha kumwona akijifunza kitakachoota na kitakacholiwa. Huo ndio uzito ninaoutafuta katika vitabu vipya, na nakiri kwa furaha kwamba naupata mara nyingi, kwani mabadiliko ya tabianchi yamewasukuma waandishi wengi wa sasa kuandika kuhusu mbegu, mito na misitu.

Kuna pia sababu ya raha tupu, nayo sitaki kuipita. Majira ya kuchipua yana kazi nyingi asubuhi na subira nyingi jioni. Karoti zilizopandwa katika udongo wenye ubaridi zinaweza kukaa majuma mawili hadi matatu kabla ya kuchomoza. Miche ya nyanya na pilipili iliyooteshwa ndani huhitaji majuma sita hadi manane kabla ya kuhamishiwa nje, kisha izoezwe jua na upepo kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, na mtu akiiharakisha, usiku mmoja wa jalidi unaweza kuiua yote. Katika kungoja huko, sijui rafiki bora kuliko riwaya mpya ambayo bado hakuna aliyenisimulia mwisho wake. Mikono imeshaoshwa, mgongo unauma kidogo, na akili, ambayo tangu asubuhi imekuwa ikiwaza kitu ambacho bado hakionekani juu ya ardhi, iko tayari kabisa kuwaza sayari ambayo haipo. Wanaosema kwamba vitabu hivi ni vya kukimbia maisha hawajavisoma katika hali hiyo.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba toleo la kila juma linalotoa mwongozo wa upandaji, kuanzia kuandaa matuta hadi kuhamisha miche, lipewe pia nafasi ya mapitio ya riwaya moja mpya ya kisayansi au ya fantasia, iwe imeandikwa kwa Kiswahili au imetafsiriwa. Mapitio hayo yaandikwe na mtu mzima kwa ajili ya watu wazima, kwa urefu uleule wanaopewa waandishi wa riwaya nyingine. Mhakiki aendelee kupima lugha, wahusika na msuko kama kawaida, lakini aongeze maswali matatu: watu wa dunia hiyo wanakula nini, nani amekipanda, na maji yake yanatoka wapi. Pale mwandishi atakapokuwa amejibu vizuri, asifiwe kwa kutajiwa ukurasa. Pale atakapokuwa ameruka, aelezwe kilichokosekana, ili naye akumbuke anapoandika kitabu kinachofuata. Na ukikosa mhakiki mwenye ujuzi wa mimea, tafadhali watangazie wasomaji wenye bustani wajitokeze. Naamini tuko wengi, na kwa majuma haya ya kungojea mbegu zichomoze tuna muda wa kusoma.

Wako mtiifu,
Msomaji na mtunza bustani